Nyumba Njema si Mlango: Ikagueni Kabla Hamjatia Saini

Hotuba niliyoitoa kwa wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo, hapa Mombasa. Wenzetu waliokuwa kazini na safarini waliiomba, nami nimeiandika yote kama nilivyoisema.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, mama zangu, ndugu na dada zangu: asalaam aleikum. Na wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Nashukuru kwa nafasi hii, na nimefurahi kuwaona vijana wengi namna hii, kwa sababu nyinyi ndio mnaoanza kununua.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Nimeombwa nizungumze juu ya ukaguzi wa nyumba, nami nitaanza na swali. Ukienda sokoni kununua samaki, changu wa shilingi 500, unafanyaje? Unamfunua shavu uone kama ni jekundu. Unambonyeza. Unamnusa. Ukitilia shaka unamrudisha mezani, unakwenda kwa mchuuzi wa pili. Haya, niambieni: nyumba ya milioni 7, ambayo utailipia mkopo miaka 15, uliitazama kwa muda gani? Wengi wetu tuliitazama nusu saa. Dalali yuko mbele anafungua milango, na tulichokiona ni rangi, vigae, na upepo wa bahari unaopita dirishani.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nimekuja na ombi moja tu leo. Usitie saini, wala usitoe arubuni, kwa nyumba ambayo mtu anayejua majengo, uliyemlipa wewe mwenyewe, hajaipanda juu na kuichungulia chini. Ombi langu ni hilo, na yote nitakayoyasema yanalielekea hilo.

Kwanza tuondoe dhana moja inayowaponza watu. Mnunuzi hudhani nyumba imeshakaguliwa. Ukimuuliza nani amekagua, atakwambia: wakili amefanya upekuzi wa hatimiliki, benki imetuma mthamini, kaunti ilipitisha ramani. Ni kweli, wote hao wamefanya kazi. Lakini kazi gani? Wakili ametazama shamba ni la nani, lina deni, lina zuio. Mthamini ametazama benki itapata kiasi gani ikibidi iiuze nyumba yako. Kaunti ilitazama michoro kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Nani amepanda juu ya slabu? Nani amefunua mfuniko wa shimo la maji machafu? Nani amefungua bodi ya stima? Hakuna.

Kuna mume na mke, mmoja mwalimu na mwenziwe karani wa bandarini, walinunua fleti Bamburi, orofa ya juu kabisa. Ripoti ya mthamini iliandika kwamba jengo liko katika hali nzuri. Waliingia Februari, jua kali, nyumba kavu kabisa. Mwezi wa Mei mvua ya masika ilipofungua, maji yakaanza kudondoka kwenye tundu la taa, chumba cha watoto. Wakaweka ndoo. Kesho yake ndoo mbili. Wakachukua ile ripoti wakaenda nayo benki, na afisa aliyewapokea akawaonyesha ukurasa wa mwisho. Imeandikwa pale, kwa maandishi madogo lakini yanasomeka, kwamba mthamini hakuchunguza uimara wa jengo wala sehemu zilizofunikwa, na kwamba ripoti ni kwa matumizi ya benki. Hakuna aliyewadanganya. Wao ndio waliokuwa hawajamtuma mtu.

Nilipoitwa nikapanda juu na ngazi. Lami ya kuzuia maji ilikuwa imeinuka pembezoni mwa ukuta wa kingo, na tangi la wapangaji wote lilikuwa likifurika kila usiku na kuacha dimbwi pale pale. Kulitengeneza paa si kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa watu. Mkinunua fleti chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, unapata hati ya sehemu yako, na paa, ngazi, nguzo na mashimo vinakuwa vyenu nyote. Basi ilibidi wenye fleti wote wachange, na wa orofa ya chini hawakuwa na haraka, kwao hakudondoki kitu. Walichangishana mpaka vuli ikawakuta. Kwa hiyo wewe unayenunua fleti, usiridhike na vyumba vyako. Panda juu. Shuka chini. Ulizia kama kuna akiba ya matengenezo na nani anaishika.

Wenzetu kwingine wamelipangia jambo hili utaratibu. Marekani, mnunuzi huweka sharti katika ofa yake kwamba apewe siku kadhaa za kuikagua nyumba. Humlipa mkaguzi yeye mwenyewe, mkaguzi huizunguka saa mbili au tatu, huandika ripoti, na mnunuzi akikuta mazito anaweza kujitoa na kurudishiwa pesa zake. Ufaransa, muuzaji ndiye anayelazimishwa na sheria kuambatanisha ripoti za mambo kama asbestosi, madini ya risasi kwenye rangi za zamani, usalama wa stima na gesi, na mchwa katika maeneo yanayosumbuliwa na mchwa. Hapa kwetu hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji wala wewe. Tulirithi kutoka Uingereza kanuni ya kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, na ukienda mahakamani kulalamikia ufa ambao ungeweza kuuona, utaulizwa mbona hukuangalia. Kazi ya ukaguzi hapa hufanywa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, au mpima majengo, au msanifu majengo. Mwombe nambari yake ya usajili uihakikishe. Mtu mwema hakasiriki kuulizwa.

Sasa jambo la pili, na hapa nitakaa, maana hili ni letu hasa sisi watu wa pwani. Mkaguzi hodari wa Nairobi anaweza kuja hapa akalipita bila kulijali. Adui wa nyumba ya Mombasa ni chumvi, na maji ndiyo yanayomfungulia mlango.

Nielezeni kitu: kwa nini ndani ya zege tunaweka nondo? Kwa sababu zege hustahimili kugandamizwa, lakini ukilivuta linapasuka. Nondo ndiyo inayoshika. Zege zuri nalo huilinda nondo, kwa kuwa lina hali ya kichokaa inayoizuia kushika kutu. Chumvi ikifika, ulinzi ule unavunjika. Na chumvi hufikaje? Kwa upepo wa kusi na kaskazi mwaka baada ya mwaka. Kwa mchanga wa baharini aliotumia fundi kwa sababu ni wa bure. Kwa maji ya kisima cha chumvi aliyokorogea zege siku ambayo mfereji ulikuwa mkavu. Nondo ikianza kutu, ile kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili hadi mara sita. Inaitoa wapi nafasi hiyo? Inalisukuma zege. Zege linapasuka, linabanduka, maji yanaingia zaidi, kutu inazidi. Kwa nje, nyumba ina rangi nzuri ya krimu.

Nitawapeleka Shanzu. Mama mmoja mstaafu alipata nyumba ya ghorofa moja, karibu na bahari, na alikuwa ameshaipenda. Binti yake ndiye aliyemshikilia akaguze kwanza. Tulikwenda asubuhi, mama mwenyewe akiwa na mimi, na hilo nitalirudia baadaye. Nyumba yote ilikuwa na rangi iliyofifia, rangi ya miaka kadhaa, isipokuwa sehemu moja: chini ya roshani, yaani dari ya baraza. Pale palikuwa papya, pananukia. Nikauliza. Muuzaji akasema walipaka kidogo kwa sababu ya popo.

Nikatoa nyundo ndogo. Ukaguzi wa zege hauhitaji mitambo mikubwa kuanza; unagonga unasikiliza. Ukutani: ko, ko, ko, sauti ngumu. Nguzo: ko, ko. Chini ya roshani: ko, ko, halafu sauti ikabadilika ikawa ya kitu kilicho wazi ndani. Nikamwomba muuzaji ruhusa ya kukwaruza. Akasita, akakubali. Kipande cha ukubwa wa sahani kikaanguka miguuni mwetu, na nyuma yake tukaiona nondo. Ilikuwa ya milimita 12 siku ilipowekwa. Niliipangusa kutu nikaipima, ikabaki milimita 8, na magamba ya kahawia yakawa yananibandukia mkononi. Zege lililokuwa limeifunika halikufika hata sentimita 2, na karibu na bahari mimi nataka kuona angalau 4. Mama aliangalia juu, akaangalia ile sehemu ambayo alikuwa amesema ataweka kiti chake jioni, hakusema neno.

Nikaendelea kugonga nyumba nzima. Nguzo zote nzima, slabu ya ndani nzima, msingi mzima. Kilichooza ni roshani peke yake, kwa sababu ndiyo inayopigwa na upepo na mvua, na fundi alilala usingizi siku ile alipoimwaga. Mama akaniuliza: "Kwa hiyo mwanangu, nisinunue?" Jibu nililompa nitawaambia mbele kidogo.

Dalili nyingine mnaweza kuziona nyinyi wenyewe kabla hamjamlipa mtu. Mstari wa kahawia kwenye dari ya zege ni nondo inalia. Unga mweupe chini ya ukuta, kutoka sakafuni mpaka magotini, ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini, na kuupaka rangi hakuuondoi, utarudi. Fungua kabati la ukutani uingize kichwa. Ukinusa ukungu, kuna maji yanayopita nyuma. Mabati yaangalie kwenye misumari. Paa la asbestosi bado lipo kwenye nyumba kadhaa za zamani: usilipasue, vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na kulitoa ni kazi ya mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, basi gharama hiyo iweke kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Makuti nayo ni ya kubadilisha kila baada ya miaka michache, na fundi wa makuti hana huruma na bei.

Kwa wanaotazama nyumba za Mji wa Kale nina neno lao. Nyumba zile za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama miaka mingi kuliko nyingi zetu zitakavyosimama, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Boriti haiozi katikati. Huozea pale ncha yake inapoingia ukutani, maana pale unyevu haukauki. Nenda na bisibisi, chokoa zile ncha. Bisibisi ikizama kama kwenye siagi, jua kuna kazi. Na ukikuta mtu ameupiga ukuta wa chokaa plasta ya saruji, uliza zaidi, kwa sababu saruji inayafungia maji ndani ya jiwe ambalo lilizoea kupumua. Tena kule ni eneo la hifadhi, huvunji wala hubadilishi sura ya nyumba bila kibali.

Nyufa. Jamani, nyufa zinawatisha watu kuliko inavyofaa na haziwatishi pale inapofaa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta, usiofika milimita 1, mara nyingi ni plasta tu imenywea ilipokauka. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha ukashuka kimshazari, au unaopanda kama ngazi ukifuata viungo vya matofali, ukapita milimita 5, huo ni wa mhandisi kuutazama. Kisiwani, Nyali na Bamburi tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mgumu lakini una mapango ndani yake. Changamwe, Mikindani na Miritini kuna udongo unaovimba kwa mvua na kunywea kwa kiangazi, na msingi usioenda chini vya kutosha unacheza nao. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Naam. Lakini ufa uliozibwa juzi kwa ajili ya mnunuzi, ulizia kwanza kilichoupasua.

Na kama una nafasi, ione nyumba mvua ikinyesha. Dalali atakwambia tungoje jua litoke. Wewe nenda Mei. Usipoweza kungoja Mei, waulize majirani, hasa mwenye duka: mvua za Novemba 2023 maji yalifika wapi hapa? Mwenye duka hana cha kukuuzia isipokuwa soda, atakwambia ukweli.

Stima na maji nitapita haraka, si kwa sababu ni madogo. Umeme wetu ni volti 240, unaua. Mkaguzi afungue bodi aone kama kuna waya wa kutuliza umeme ardhini, kama swichi za usalama zinalingana na unene wa nyaya, na aangalie kwa makini shawa ya umeme bafuni, ambayo nimeikuta mara nyingi imeunganishwa na mtu asiyejua. Mifereji yote ifunguliwe kwa pamoja, vyoo vivutwe, uone maji yanakwenda wapi na kwa kasi gani. Muulize muuzaji maji yake yanatoka wapi: mfereji, kisima, au lori? Yaonje. Mji huu unategemea maji yanayotoka mbali, Mzima na Baricho, na mfereji ulio na mita si ushahidi kwamba una maji. Halafu tazama kisima kiko umbali gani na shimo la choo. Kwenye matumbawe maji machafu hayachujwi kama kwenye udongo, hupita kwenye mianya moja kwa moja. Kama stima imekatwa au maji yamefungwa siku ya ukaguzi, ukaguzi haujafanyika, rudini siku nyingine.

Jambo la tatu: mtegemee nini kwa mkaguzi, na msitegemee nini.

Mkaguzi hutazama kinachoonekana na kinachofikika. Habomoi ukuta wa mtu. Hang'oi vigae. Haoni bomba lililozikwa chini ya sakafu isipokuwa liwe limeshaacha alama. Hakupi dhamana kwamba pampu haitakufa mwezi ujao. Hakuambii nyumba inafaa kuuzwa bei gani, hiyo ni kazi ya mthamini. Na hakuambii nunua au usinunue. Anakuambia nilichokikuta ni hiki, hiki ni hatari, hiki kitakula pesa, hiki ni uchakavu wa kawaida. Uamuzi ni wako na familia yako.

Kuna kijana, fundi wa mitambo bandarini, alikaguliwa nyumba aliyotaka kuinunua Kiembeni. Akapewa ripoti ya kurasa 30 zenye picha. Alipoona kurasa 30 akaingiwa na hofu, akaiacha nyumba. Mimi niliisoma ile ripoti baadaye. Mlango wa jikoni unakwaruza chini. Soketi mbili zimelegea. Kigae kimepasuka. Gata imejaa majani. Kasoro kubwa ilikuwa moja, mfuniko wa shimo umepasuka, na mfuniko hubadilishwa kwa siku moja. Ile ilikuwa nyumba nzuri! Kwa uchungu alinunua nyingine Mtwapa bila kuikagua, maana alishaona ukaguzi ni mkosi, na sasa anapambana na mchwa walioila fremu na mbao za paa. Nani wa kulaumiwa? Mimi namlaumu aliyempa ripoti akaondoka. Ripoti ndefu isiyosema lipi zito na lipi jepesi ni mzigo. Mdai mkaguzi wako aandike ukurasa wa kwanza mambo mazito tu, kwa Kiswahili unachokielewa kama hicho ndicho ukitakacho, na akae nawe chini muupitie.

Ndiyo maana nasema uwepo. Siku ya ukaguzi usiende kazini. Vaa nguo za kuchafuka, shika kurunzi, mfuate kila anapopita. Yule mama wa Shanzu alijifunza ndani ya saa tatu kuliko ambavyo ripoti yoyote ingemfunza, kwa sababu kipande kilianguka mbele ya macho yake. Muulize mkaguzi: hiki kikiachwa kitakuwaje? Ungekuwa wewe ungekitengeneza lini? Na muulize ni wapi hakuweza kufika, kwa sababu chumba kilichofungwa kwa kufuli siku ya ukaguzi kina sababu yake.

Lingine: nani amlete mkaguzi? Akiletwa na dalali, anamtazama dalali. Akiwa binamu ya muuzaji, hayo yamejieleza. Na mkaguzi akimaliza kukagua akakwambia "hizo kasoro nitakutengenezea mimi, bei nafuu," mshukuru, umlipe, utafute fundi mwingine. Wakaguzi wa Marekani wana chama chao tangu 1976, nacho kimewakataza kutengeneza kwa malipo walichokikagua mpaka mwaka mzima upite. Wameona mbali. Anayelipwa kwa kutengeneza huona vya kutengeneza.

Nafika kwenye wakati, na hapa nawaomba mnisikilize sana. Ukaguzi una thamani kubwa kabla ya saini, na thamani ndogo mno baada yake. Katika makubaliano mengi ya mauzo hapa kwetu unatoa asilimia 10 siku ya kutia saini, na iliyobaki unaimaliza kwa siku 90. Ukijitoa bila sababu iliyoandikwa, ile asilimia 10 iko hatarini. Nyumba ya milioni 7, hiyo ni laki 7. Hapo hujahesabu ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini. Basi ama kagua kabla hujatia saini, ama mwambie wakili aandike ndani ya makubaliano kwamba ununuzi unategemea ripoti ya mhandisi wako, na kwamba ukikuta kasoro za kimuundo unarudishiwa pesa. Wakili akikwambia hatujazoea kuandika hivyo, mwambie aanze na wewe.

Yule mama alipouliza kama asinunue, nilimjibu: nyumba hii ni nzima, roshani hii imekufa, mlete mkandarasi akupe gharama ya kuivunja na kuimwaga upya. Mkandarasi akaandika makadirio. Mama akarudi kwa muuzaji na karatasi mbili, ripoti na makadirio, akaziweka mezani. Muuzaji alipandisha sauti kidogo, kisha wakakubaliana apunguze gharama yote ya roshani na sehemu ya rangi. Leo anaishi pale. Mwingine angemwambia muuzaji atengeneze kwanza, lakini mimi silipendi sana hilo, kwa sababu anayeondoka hutengeneza kwa rangi. Na mwingine angeondoka, na kuondoka nako ni haki yako. Hakuna aibu kuiacha nyumba.

Mtaniuliza: na nyumba mpya? Mpya ndiyo ikaguliwe zaidi! Nyumba ya zamani imeshaonyesha aibu zake, mpya bado inaficha. Aprili 2016 jengo la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua likaua watu karibu 50. Halikuwa jengo kuukuu. Lilijengwa kando ya mto, bila idhini. Anayekuuzia kwenye ramani, nyumba bado haijaisha, mwombe kibali cha kaunti, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na jina la mhandisi anayesimamia, kisha umpigie mhandisi huyo mwenyewe. Mikataba mingi ya ujenzi humpa mkandarasi kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6. Ulizia kipindi hicho kinaanza lini, na hakikisha mvua moja kubwa imepita ndani yake.

Na kwa jina la Mungu, tusisahau tulipo. Mombasa tuna nyumba bila shamba: kuta zako, ardhi ya mwingine. Mhandisi anaweza kukwambia nyumba ni madhubuti, na kesho mwenye shamba akakuondoa. Hilo nyundo haiwezi kulisikia, ni la wakili na la wazee wa mtaa. Anza na hilo hata kabla hujaniita.

Nimeambiwa pale mlangoni kwamba wapo wenzetu watatu wanaotia saini wiki ijayo, mmoja Utange, wawili Nyali. Naomba msitoke. Chai ikija tukae meza ile ya kona, mnionyeshe hayo makubaliano, na kama hakuna sharti la ukaguzi tumpigie wakili leo leo. Wengine, maswali sasa. Tuanze na mama pale nyuma ambaye ameinua mkono muda mrefu.